Sindano Mbili Zilikutana Masikioni

Hadi leo nashangaa. Sindano ya kifua nilichomwa tako la kulia, ya jipu la kushoto, zote zikaenda kukutana masikioni! Daktari anasema ni dawa za ukoo mmoja, na zikizidi mwilini huua masikio. Mwili huu una njia za ajabu.

Kosa ni langu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwa Mhindi mmoja hapa Kariakoo. Tajiri angejua nina kifua kikuu angenifukuza. Basi jipu nikalipeleka kwa daktari mwingine, Ilala, asiyejua habari za kifua changu.

"Unatumia dawa nyingine?"

"Hata kidonge, daktari."

Baada ya siku chache masikio yakavuma, hata sauti yangu mwenyewe nikawa siisikii sawasawa. Nikarudi Ilala. Wagonjwa walikuwa wamejaa, kwa hiyo nikamwinamia daktari, nikamnong'oneza: "Nisitiri. Nina kifua kikuu, tajiri wangu asijue."

Akaweka kidole mdomoni. Nikajua ananitunzia siri. "Ahsante sana," nikanong'ona tena.

Nikageuka. Benchi zima lilikuwa limenikodolea macho, na mwishoni mke wa tajiri alikuwa amemziba mwanawe pua kwa upindo wa sari, ule niliomshonea jana.