Vidole vya Rahma

Juzi, katika ofisi moja hapa Bagamoyo, karani alifungua mafaili yake kwenye kompyuta kwa vitufe tu bila kugusa kipanya, nikamkumbuka binamu yangu Rahma.

Tulikuwa watoto, dukani kwa baba yake kule Mapinga, alikokuwa akitoa fotokopi na kuchapisha picha, palipokuwa na harufu ya wino na karatasi zenye moto. Kipanya cha kompyuta ya dukani kilikuwa kibovu, lakini Rahma alibonyeza vitufe harakaharaka na folda zikafunguka. Niliamini kompyuta ile inampenda yeye peke yake.

“Mwanangu ana akili huyu,” mjomba aliwaambia wateja, nami nimesimama palepale.

Rahma alipokwenda kuswali alasiri, nikabonyeza ovyo. Kikatokea kisanduku kinauliza jambo kwa Kiingereza. Nikakikubalia. Folda yenye picha za harusi ya mteja ikatoweka.

Aliporudi alitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, folda ikarudi.

“Kuna nini?” mjomba aliuliza.

“Hamna kitu, baba.”

Leo najua kwamba vitufe vile ningejifunza kwa dakika moja. Siku ile nilitamani anisemee nichapwe, kuliko kunisitiri namna ile. Nilirudi kwetu Kerege bila kumuaga.