Kibuyu Nilichokiosha kwa Heshima ya Mgeni

Mama alipokwenda Biharamulo kumwangalia dada yangu aliyejifungua, aliniachia kibuyu chake cha maziwa ya mgando na agizo moja: mjukuu wake anayesoma chuo anakuja kwetu Ntobeye kukiona, nimpokee vizuri. Mimi ni mtu wa nyumbani; safari zangu huishia kwenye kamba ya mbuzi. Nilishukuru kupata kazi isiyohitaji viatu.

Nikachungulia kibuyu. Ndani kulikuwa na utando wa miaka mingi. Msomi haonyeshwi uchafu wa namna ile. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikasugua mara tatu, nikakianika. Biolojia ya sekondari ilinifundisha kwamba bakteria ni adui. Haikutaja kwamba wengine hufuatwa kwa basi.

Binti wa kaka yangu alifika na boksi la barafu. Akakinusa kibuyu, akakiweka chini taratibu.

"Baba mdogo, umekiosha?"

"Mpaka harufu imetoka."

Akakaa. Akanieleza kwamba maziwa ya bibi yake hukaa siku nyingi bila kuharibika kuliko ya majirani, na alishuku kuwa bakteria wa kwenye ule utando hutengeneza sumu ya kuwaua washindani wao. Alitaka kusoma jenomu yao, yaani maandishi yao yote ya urithi, na kutafuta kwa kompyuta jeni za sumu hiyo. Kesho alfajiri anaondoka. Bila kibuyu hiki, utafiti wake hauna kichwa.

Nikauliza kama sabuni nayo ina jenomu. Hakucheka.

Ikabaki nyumba moja yenye bakteria wale. Kwetu, kibuyu kikifa unaomba mbegu kwa mwenzako, maziwa kidogo ya kuanzishia. Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde aliwahi kuiomba kwetu, na tangu hapo kila nikikutana naye nilimuuliza, "Maziwa yetu hayajambo?" Nikavaa viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevaa viatu. Nani amekufa?"

"Kibuyu."

Akamtazama mgeni wangu, akanitazama na mimi. Hakuuliza nani kakiua. Alijaza chupa ya binti, kisha akanipa kikombe changu cha mbegu, akakishikilia mpaka nilipoleta na mkono wa pili.

Miezi ikapita, binti akapiga simu. Jeni za sumu zimeonekana, na kando yake ile inayomkinga bakteria na sumu yake mwenyewe. Sumu za aina hiyo, alisema, huua zaidi ndugu wa karibu, maana ndio wanaogombea chakula kilekile. Kama kweli wanaitengeneza, bado anapima. Nikauliza kama ameandika nyumba yetu.

"Nimeandika nyumba nilipoyachukua maziwa, baba mdogo."

Siku hizi yule mama akipita kwetu ndiye anayeniuliza mimi: maziwa yetu hayajambo? Najibu hayajambo, tena kwa adabu, kwa sababu mama amesharudi, habari za sabuni hazijui, na huwa anasikiliza.