Vibao Visivyong'oka

Habari ya kifo ilinikuta getini. Askari wa gazeti letu alipiga simu juu akasema kuna mama kutoka Kibera ananitafuta, hataki kuingia wala kukaa. Nilimkuta amesimama juani na leso kichwani, na kabla sijamsalimu sawasawa akaniambia kuwa mume wake, fundi wangu wa vibao, amefariki Jumanne, kile kifua chake cha siku nyingi, na kwamba maiti itasafirishwa nyumbani magharibi mwisho wa wiki. Alisema marehemu alitaka niambiwe mapema kuliko watu wengine wa mjini. Nilishtuka kuliko nilivyoonyesha. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua: safu hii naitumia kuwagombeza wakubwa, na nikifiwa huwa nasema mema ya marehemu kwa aya mbili tatu kisha narudi kwenye ugomvi wangu. Leo sitaweza. Mtu huyu amekufa akijilaumu kwa kifo cha mtu mwingine, nami nilikuwa na neno moja ambalo lingemtua mzigo huo. Nimekaa nalo zaidi ya miaka mitatu, na sasa hayupo wa kuambiwa.

Nilimfahamu kwa sababu ya taka zetu. Mtambo wa kuchapia gazeti hutumia mabamba membamba ya alumini, kila ukurasa na bamba lake, na gazeti likishatoka mabamba hulundikwa nyuma ya jengo kungoja wanunuzi wa skrap. Yeye alikuja kila Ijumaa, mtu mrefu wa maneno machache, akachagua yale yasiyokunjamana. Nilidhani anakwenda kutengeneza koroboi kama wengine. Siku moja nikamuuliza, akatoa mfukoni kipande cha ukubwa wa kiganja kilichoandikwa AVOKADO kwa nukta za msumari. "Hii ni ya naseri ya miche pale Ngong Road," akasema. "Wakiandika na kalamu, jua ya Januari inakula yote. Wakitumia mbao, mvua inaozesha. Hii nimeiweka juu ya mabati ya nyumba yangu mwaka mzima, na bado inasomeka." Nilikigeuza kibao kile nikakuta upande wa pili maneno matatu ya safu yangu mwenyewe, ya wiki iliyotangulia. Akacheka kidogo. "Yako iliisha siku hiyohiyo, mdosi. Yangu inabaki." Nilimpenda kuanzia hapo, maana si watu wengi walionipima kwa usahihi namna hiyo.

Katikati ya miaka hii ya tisini nilikuwa mpangaji Riruta Satellite, kwenye ploti ya bibi mmoja aliyezaliwa papo hapo kabla Kawangware haijajaa watu. Sote tulimwita Shosho. Alikuwa amefundisha watoto wa kanisa kusoma kwa miaka mingi, na sasa macho yalikuwa yanamwacha, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Kati ya nyumba zake na ukuta wa bafu alikuwa na bustani ya upana wa vitanda vitatu, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: mchaichai, mwarobaini, maua ya madhabahu, na komfri, yale majani mapana yenye manyoya ambayo nusu ya Nairobi walikuwa wakiyachemsha siku hizo kwa kila maradhi. Shosho aliyanywa kwa ajili ya magoti. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba siku giza litakapofika kabisa atakuwa anaomba ruhusa ya kuingia shambani mwake. Ndipo nikamletea fundi wangu. Nakumbuka nilivyojisikia mwema siku hiyo, na kumbukumbu hiyo inanichoma.

Fundi alitembea kutoka Kibera na kigunia cha vifaa vyake begani. Alimsikiliza Shosho, akafikiri, kisha akafanya jambo ambalo sijaona mwingine akilifanya. Badala ya kupiga nukta juu ya uso wa kibao, alipiga kutoka nyuma, akiandika kinyume, kulia kwenda kushoto, ili herufi zitokeze upande wa mbele. Chini ya bati aliweka kipande cha tairi kuukuu ili lisipasuke. Alipomaliza cha kwanza alimshika bibi mkono. "Shosho, shika hapa. Unasikia nini?" Vidole vya Shosho vikatembea polepole. "Ko. Mu. Hapana, komfri," akasema, na machozi yakamtoka bila aibu yoyote. Akamwambia fundi kuwa sasa anaweza kungoja giza bila kuliogopa.

Lakini huku kwetu kitu cha alumini hakilali nje mara mbili. Wanaokusanya skrap wangeving'oa vibao vyote kabla ya Jumapili. Kwa hiyo fundi alifunga kila kibao kwa waya wa shaba kwenye kipande cha chuma cha ujenzi, akasimamisha chuma ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akaujaza simiti na kuufukia hadi shingoni. Nilijaribu kuking'oa kimoja kwa mikono miwili nikashindwa. "Hii haitoki," alisema, akijipangusa mikono. "Hata sisi wote tukienda, hii utaikuta hapa." Alisema kwa fahari, nami nikaitikia kwa fahari. Hakuna mkulima popote ambaye angefikiria kujengea msingi wa nyumba jina la mmea unaoishi misimu michache. Tulifikiria hivyo sisi, kwa sababu tulikuwa tunawaza wezi tu.

Mniwie radhi nitoke njiani kidogo. Tembea leo kutoka Kawangware hadi mjini uhesabu vibao. Hiki kinasema ploti hii haiuzwi, na mwenye kukiweka ameshaiuza mara mbili. Kile kinasema uwanja wa shule, na nyuma yake pana ghorofa nne zenye nguo za wapangaji kwenye kamba. Pana zahanati ambayo daktari wake alihama zamani, mlango umekuwa wa kinyozi, na bado wagonjwa wanafika asubuhi na watoto mgongoni kwa kuwa maandishi yanawaambia wafike. Tumekuwa watu wa kuamini bati lililoandikwa. Na sisi wa magazeti tusijitoe, maana kazi yetu ni hiyohiyo ya kuchonga majina juu ya mambo na kuondoka, bila kurudi kutazama kama jambo lenyewe bado limo chini ya jina lake. Nimeandika mengi kuhusu uongo wa wakubwa. Sikuwa nimewahi kufikiria neno ambalo lilikuwa kweli siku lilipoandikwa, kisha likageuka lenyewe bila mtu kuligusa.

Komfri ya Shosho ilikufa mwaka wa pili. Wapangaji walikuwa wanamwaga maji ya kufulia pale karibu na bafu, ikaungua taratibu mpaka mizizi. Hakuna aliyemwambia, kila mtu akidhani mwingine atamwambia, naye alikuwa bado anachemsha yale aliyoyakausha. Kwenye kitanda cha pili palikuwa na maua marefu ya vikengele vya zambarau aliyoletewa na dada mmoja wa kanisa aliyekuwa akifanya kazi kwenye bustani za Karen. Mbegu zake ni kama vumbi. Zilipeperuka, na chini ya kibao cha komfri ukaota mche mpya ambao mwaka wake wa kwanza hautoi ua hata moja, unatoa majani tu, mapana, yenye manyoya. Asubuhi moja ya mvua niliteremka kwenda kazini, Shosho, ambaye sasa aliona vivuli tu, akaniita kutoka mlangoni pake. "Wewe wa gazeti, hebu nichumie hizo majani za magoti. Leo kuna matope, nitaanguka." Nilikwenda. Niliona majani si kama ya zamani, rangi yake ilikuwa imepoa zaidi na kingo zake zina meno madogo. Nikatazama kibao. KOMFRI, herufi safi kabisa. Nikachuma.

Jioni aliniambia dawa ya leo ni chungu, nikamjibu labda ni jua la mwezi uliopita. Siku ya pili tumbo lilimkataa. Siku ya tatu nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, anatabasamu, amezungukwa na wapangaji. Alikuwa anaona rangi. Mashuka meupe kwenye kamba aliyaona ya manjano, na ukuta wa jirani wa manjano, na uso wangu una mzunguko wa mwanga. Wanawake waliimba. Shosho akanishika mkono. "Ni hizo majani. Zimenifungua macho. Niletee zingine, na usinipimie." Nilichuma mara mbili ya zile za kwanza, nikakimbia nazo. Usiku ule moyo wake ulianza kwenda na kusimama, na kulipopambazuka hakuwa nasi. Daktari alisema ni moyo na umri, na watoto wake wakakubali, maana ilikuwa kweli pia.

Fundi alikuja kwenye matanga, akapita bustanini kuaga vibao vyake, akainama kwenye kile cha komfri akachuma jani moja. Kisha akanivuta nyuma ya bafu. Naseri alizozifanyia kazi huuza maua yale ya vikengele, na alishawahi kuonywa asile kitu bila kunawa baada ya kuyashika, kwa sababu majani yake hutumika kutengenezea dawa ya moyo, na yakizidi huuzima moyo huohuo. "Hii si komfri," aliniambia. "Alishika maandishi yangu. Alishika jina na vidole vyake, akaamini. Nimemuua mimi?" Huo ulikuwa wakati wangu. Ningesema, hapana, ndugu yangu, hakushika kitu wiki ile, niliyechuma ni mimi mwenye macho mawili. Badala yake nilimwambia ni ajali. Akauliza kama awaambie watoto wa marehemu. Nikamjibu, kwa sauti ya huruma ambayo bado naisikia, kwamba asiwaongezee uchungu bure. Alinishukuru kwa ushauri huo.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kinyume. Alirudi kwenye kila bustani aliyowahi kuweka vibao, Riruta, Lavington, Karen, na mtaimbo begani, akiomba ruhusa ya kuvunja simiti yake mwenyewe. Askari wa mageti walimfukuza kama mwizi wa skrap. Waliomruhusu alivichimbua vibao vyao na kuwafungia vingine vyepesi kwenye shina la mmea wenyewe, kwa waya uliolegea, ili mmea ukifa kibao kianguke nao. Hakutaka malipo. Nilikutana naye mara nyingi, akinionyesha mikono iliyochanika, akiniambia bado nyumba ngapi. Alikuwa amekonda na anakohoa. Kila mara nilijiambia, akimaliza nitamwambia. Nilijua kuwa nikisema ataweka mtaimbo chini, na nikajua pia kwamba nikisema sitaweza tena kuketi na watoto wa Shosho kanisani. Nilichagua kuketi.

Juzi nilikwenda Kibera kwenye matanga yake. Watu walikuwa wengi mpaka njiani, wakiimba nyimbo za kwao. Mjane alinikaribisha kwenye kiti, akainama karibu nami. "Wewe ndiye alikuwa anaongea na wewe," akasema. "Ni nini ilikuwa inamsumbua na hizo vibao? Alikuwa anaamka anasema kuna moja amesahau. Nilimuuliza, akakataa kuniambia." Alinitazama kama mtu anayeomba maji. Nikamwambia sijui.

Nilirudi nyumbani nikaandika haya. Gazeti litakapofika mikononi mwenu nitakuwa nimeshapiga hodi kwa mjane huyo, na kwa watoto wa Shosho, maana haifai wasikie kutoka kwa muuza gazeti. Nikifukuzwa, nitakuwa nimestahili. Mnataka niwaachie funzo, kama ilivyo desturi yetu hapa. Kwa miaka mingi nimewafundisha kuwachunguza wanaoandika, na sikukosea, lakini nimewaficha nusu. Fundi huyu alichonga neno la kweli, na lilipoacha kuwa kweli alirudi kwa miguu kulichimbua hadi likammaliza. Ni msomaji wake aliyeuona ukweli mbele yake, wenye manyoya na meno kingoni, akaupuuza kwa kuwa kibao kilisomeka vizuri, kisha akamwacha mwandishi abebe maiti peke yake.