Asali ya Mama na Desimali za Muziki

Kompyuta ya chama chetu cha wafugaji nyuki hapa Kasulu ni kuukuu, inajikokota. Mimi niliyeishia kidato cha nne, mengine nikajifunzia kwenye simu, nikajipa kazi ya kuiharakisha. Nilishajiona fundi wa dunia nzima.

Niligundua kwamba kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi, kila ikihama programu moja kwenda nyingine huhifadhi kwanza namba zote za desimali zilizo kwenye prosesa, hata kama programu inayofuata haizihitaji. Kazi ya bure. Kwa bibi yangu, aliyesaga ulezi hapangusi jiwe. Atakayekuja na mtama ndiye atapangusa. Nikaiandikia kerneli desturi hiyohiyo. Kompyuta ikachangamka.

Wiki hiyo mama mmoja wa Makere akaleta ndoo ya asali. Kipimo cha maji, kilichounganishwa na kompyuta, kikasoma asilimia ishirini na saba. Kwetu asali yenye maji mengi hivyo hurudishwa, na mwenyewe husemwa kuwa amechakachua. Katibu hakumtukana, alifunika tu ndoo.

Mama akanigeukia mimi. “Mwanangu, nyuki wangu hawachoti maji.”

Akajitwika ndoo yake, akaondoka. Sikulala vizuri.

Siku nne nikatafuta kosa. Sampuli yake ilibaki kwenye kikopo, na kila nikipima inasoma kumi na nane, asali safi kabisa. Kumi na nane, kumi na nane, hadi nikatamani kuipiga ngumi ile mashine. Siku ya tano nikakata tamaa, nikawasha muziki kwenye kompyuta hiyohiyo kama nifanyavyo siku za kupima, nikapima tena. Ishirini na sita.

Siku zote nne nilizima muziki ili nitulize akili! Kumbe nao unapigwa kwa desimali. Nilisahau kuiamuru kerneli imzuie anayefuata mpaka jiwe lipanguswe. Asali ya mama ilisagwa juu ya unga wa wimbo wangu.

Nikairudishia kerneli uzito wake wa zamani, nikapanda bodaboda hadi Makere. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku akimenya maharage.

“Sasa majirani niwaambie ni wimbo?”

Akaweka maharage kando.

“Hapana. Utawaambia wewe, siku ya kupima, mbele yao wote.”

Nikasema ndiyo, mama. Kurudi mjini, ndoo niliipakata mimi.