Asubuhi za Kumtembeza Meja

Nikisikia kucha za mbwa zikikwaruza saruji, hata leo, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kana kwamba vimeshika kamba. Ndugu zangu, wajukuu wananiita nyanya, lakini sauti hiyo hunirudisha Buruburu, mtaa wetu wa Nairobi, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Meja alikuwa mbwa wa aina ya bulteria. Aliletwa akiwa mdogo, ndani ya katoni ya sabuni. Baba, karani wa ofisi moja mjini, alipewa na mkubwa wake Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kichwa cha Meja kilikuwa kama yai, na macho yake madogo yalikuwa ya pembetatu. Mama alimtazama, akasema huyo ni nguruwe aliyepotea njia.

Baba alimlea kwa masharti. "Samaki mkunje angali mbichi," alituambia. Miezi ya kwanza Meja hakutembea zaidi ya mzunguko mmoja wa korti yetu, yaani zile nyumba zilizozunguka kiwanja kimoja. Mifupa haijakomaa, Baba alisema, na kuruka ngazi ni marufuku. Kurudi alimbeba kama mtoto mchanga, majirani wakicheka. Meja alipofikisha mwaka, wakawa wanatoka alfajiri, kabla lami haijapata joto na watoto hawajaamka, Baba ameshika kwa mikono miwili kamba ya ngozi aliyoinunua soko la Kariokor. Nilipoomba kuandamana nao, nilifundishwa: usijifunge kamba kiganjani, usimfungue kamwe nje ya lango, na akikuzidi nguvu, kaa chini, uwe mzigo.

Nilidhani Baba anajua mbwa kama alivyojua taipureta yake.

Kisha akashikwa na malaria. Siku nne Meja hakutoka. Alizunguka ua wetu mdogo mpaka nyasi zikaisha, akatafuna mlango wa jikoni. Jumamosi, saa nne asubuhi, Mama akiwa sokoni, nilichukua kamba. Nilitaka Baba aamke amkute mbwa ametulia.

Kiwanjani watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. Meja akasimama. Nilihisi mwili wake ukikakamaa mpaka kwenye mikono yangu. Akinyi, binti wa jirani yetu, mtoto wa miaka minne, akauokota ule mpira, akatuona, akaukumbatia na kukimbia.

Nilikaa chini. Nilikaa kweli, lakini nilikuwa mzigo mdogo. Niliburutwa kwenye changarawe hadi magoti yakachunika na kamba ikanitoka. Akinyi alianguka kifudifudi, Meja juu yake, na kilio chake kikakatika. Ukimya ule niliuogopa kuliko kitu chochote maishani mwangu.

Nilijitupa juu ya mbwa nikamshika ukanda wa shingo. Alikuwa akitafuna makaratasi, mkia ukipigapiga. Chini yetu Akinyi akavuta pumzi, akalia kwa nguvu, nami nikalia naye. Watu walikuwa wameshaokota mawe. Mama Akinyi alifika mbio, leso aliyojifunga kiunoni ikimdondoka, akamchomoa mwanawe, akampapasa kichwa, shingo, mikono. Damu ilikuwa ya kiwiko tu, kilichochubuliwa na changarawe.

"Wekeni mawe chini," akawaambia watu. "Mtampiga mtoto."

Alimaanisha mimi.

Baba alitokea amejifunika blanketi, akaichukua kamba. Mikono yake ilitetemeka; nikajua ni homa. Hakunichapa. Alikwenda kwa Mama Akinyi kuomba radhi, akakaa huko muda mrefu, na kabla mwezi haujaisha Meja alipelekwa Machakos, kwa rafiki mwenye shamba lililozungushiwa ua.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa amestaafu, nilimuuliza alijifunzia wapi mambo ya mbwa. Alicheka kidogo.

"Sikujua lolote. Nilimwogopa tangu alipokuwa kwenye katoni. Lakini mkubwa alinipa mbele ya ofisi nzima. Ningekataaje?"

Yale masharti yote, akaniambia, aliyaulizia kwa askari wa lango la ofisini, aliyewahi kufuga mbwa.

Ndipo nilipoelewa. Kila alfajiri, kwa miaka miwili, mtu mwenye hofu alitoka mlangoni kabla yetu sote, asije mtoto wa mtu akaumia. Mimi, niliyejiona simwogopi Meja, ndiye niliyetoka naye saa nne.