Mlango wa Stoo ya Kahawa

Binti yangu alizama Ziwa Nyasa tukitoka kununua usipa, dagaa wa huko. Boti ilikuwa imejazwa magunia kupita kiasi. Mwenye boti aliambiwa, akacheka. Mimi nilishikilia dumu tupu, wavuvi wakanivuta. Yeye hajaonekana mpaka leo.

Nyumbani, kijijini Ukata, mama mkwe alikataa msiba. "Tumlilie mtu hatujamwona? Mnataka kumfungia njia ya kurudi?" Basi hakuna aliyelala sebuleni kwangu, hakuna aliyekoka moto uani. Kesho yake walikwenda kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya shambani, na mimi nikapewa jembe.

Nikaacha kulala. Nikifumba macho namwona ameshika gauni langu. Hospitali walinipa vidonge, vilipokwisha, basi.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, karani wa ofisi ya kata, na simu yake. Akanisomea kwamba Ulaya madaktari wa akili wanatibu huzuni kwa dawa ya uyoga. Mgonjwa anaweza kumwona aliyempoteza, akamuaga. Na watu wawili wanakaa naye mpaka dawa imwishe mwilini, hawatoki.

"Na wewe utakaa?" nikamuuliza.

"Nitakaa, shemeji. Na mama atakaa. Unaogopa uyoga wewe? Umeula tangu hujaota meno."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu ziwani. Sikuwa natafuta kupona, sitaki kudanganya. Nilitaka kumuaga tu.

Alipata unga wa uyoga huo kwa mtu wa Mbinga mjini. Nikaunywa asubuhi kwenye uji, ndani ya stoo ya kahawa, maana sebuleni majirani wangeona. Mwanzoni walikaa kweli, mama mkwe na rozari yake mkononi. Kisha kuta zikaanza kupumua, nami nikalia kwa sauti, kile kilio cha msibani nilichonyimwa. Mama mkwe akasema, "Huyu kapandwa na mashetani." Wakatoka. Nikasikia komeo la nje likiingia.

Akaja. Alisimama nje ya mlango, maji yanamdondoka, nayasikia. "Mama, fungua." Nilivuta ule mlango mpaka kucha zikang'oka. Nikawaita wafungue. Shemeji alikuwa hapo hapo, akajibu, "Tulia, shemeji, itaisha." Mwanangu akaita tena, akaita kwa mbali, halafu nikawa nasikia kuku tu.

Jioni walinifungulia, wakaniletea chai. Shemeji akauliza kama nilimwona.

Watu wananiambia nisitaje wahusika. Nawataja: mwenye boti, mama mkwe, shemeji. Dawa siilaumu. Wale wa kwenye simu walikuwa wawili, na walikaa.

Mama mkwe naye alipofariki nilipika, nikakoka moto, watu wakajaa sebuleni mpaka msiba ulipokwisha. Mimi nilikwenda kulala stoo, mlango nikauacha wazi.