Muchina alikataa kumuchoma mama sindano

Leo Muchina wa dawa, ule muganga wa kutoka China, amekataa kumutibu mama yangu.

Tulitoka Baraka na pikipiki mpaka Misisi, juu ya maumivu ya tumbo ya muguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, yenye inamusumbua tangu zamani. Ule Muchina anachomaka sindano nyembamba zenye hazina dawa ndani, na mbele ya leo zilimusaidia mama. Alianza tena kutembea mpaka sokoni.

Leo mama akalala, akapandisha kikwembe.

Muchina akaangalia muguu. Ilikuwa imevimba, na ngozi iko moto.

Akarudisha sindano zake.

"Mama, leo hapana. Pengine damu imeganda ndani. Muende hospitali sasa hivi, na mutu asikande hii muguu."

Mama akakasirika. "Barabara mbaya vile, juu ya kuambiwa hapana?"

Sasa tuko hospitali. Dokta amesema Muchina aliona muzuri: ukikanda, ile damu inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu.

Wenye mulipitia hii, muniandikie. Niko na woga.

Mama akaniambia polepole: "Asubuhi nilikuomba unikande. Ukasema tumechelewa."